Maswali Tisa Katika Chumba cha Mizani

Ninachotaka kusimulia hamtakiamini, wala siwalaumu. Hata mimi niliyeshuhudia nusu yake kwa macho yangu, na nusu nyingine nikaipata kwa watu wasiojua kunyamaza, kuna asubuhi naamka najiuliza: hivi kweli kliniki nzima iliweza kumkasirikia mtu kwa sababu ameuliza swali mlango ukiwa umefungwa? Iliweza. Ilitokea hapa hapa Saginaw, Michigan, mchana kweupe, na aliyekasirikiwa ni mpwa wangu wa damu, Charlesetta Boykin, mtoto wa marehemu dada yangu. Sisi tunamwita Setta. Akili zake amezirithi upande wetu wa familia, na nikisema upande wetu nina maana mimi.

Setta ni ofisa ustawi wa jamii. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne, kumi na mmoja ya mwisho katika kliniki ya kusafisha damu, ile wanayokwenda watu ambao figo zao zimegoma. Ni mrefu, anatembea kama mtu aliyechelewa hata anapokwenda kukaa, na vichekesho vyangu havimchekeshi hata kidogo, nami hilo nimeshamsamehe.

Alipofika miaka arobaini na tisa alitutangazia, Jumapili, kuku wa kukaanga wakiwa mezani, kwamba anarudi chuo kusomea udaktari. Binamu yake akaacha kutafuna.

"Udaktari wa nini tena?"

"Wa ustawi wa jamii. Upande wa tiba."

"Kwa hiyo utaniandikia dawa ya mgongo?" nikamuuliza, maana mgongo wangu na tanuri la kiwanda cha vyuma tulizoeana miaka thelathini na haukunisamehe.

"Nitakuandikia dawa ya mdomo, Mjomba. Kidonge kimoja kila ukitaka kusema."

Watu walicheka mpaka wakasahau kuku. Lakini alitueleza vizuri, hata mimi niliyeishia darasa la tisa nikaelewa. Kuna udaktari wa watu wanaotaka kuandika vitabu, na kuna huu wa watu ambao Jumatatu wanarudi kazini. Huu wa pili unachukua jambo moja bovu pale pale unapofanyia kazi, unalirekebisha, unapima kama limerekebika kweli, halafu unasimama mbele ya jopo la watu watatu kujitetea. Masomo yake ni ya Jumamosi, miaka mitatu. Ukishindwa kuonyesha jambo bovu limepona, hakuna udaktari, na miaka yako mitatu imekwenda na maji.

Jambo bovu Setta alikuwa nalo tayari. Lilikuwa linamuuma, kwa sababu alikuwa mmoja wa waliokuwa wanalifanya.

Pale kliniki kuna ukumbi mmoja wenye viti ishirini vya kuegemea, kila kiti na mashine yake. Mgonjwa anakaa saa nne, mara tatu kwa wiki, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Kati ya kiti na kiti unaweza kunyoosha mkono ukamfinya jirani. Sasa, kampuni inayomiliki kliniki inataka kila mgonjwa aulizwe maswali tisa ili ijulikane kama ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni unaomkalia mtu asitoke. Umepoteza hamu ya mambo? Unalala vizuri? Unajiona hufai? Swali la tisa ndilo zito: je, umewahi kufikiri kwamba ingekuwa heri ufe?

Na maswali hayo yalikuwa yanaulizwa hapo hapo kitini! Kwa sauti, kwa sababu mashine zinanguruma. Juu runinga inaonyesha watu wakibahatisha bei ya friji, kushoto jirani, kulia jirani, na mtu anainamishiwa karatasi: "Bwana Piotrowski, katika wiki mbili zilizopita, umetamani kufa?" Nyie mngejibu nini? Alijibu kama watu wote. "La, la, la," kabla swali halijaisha, kisha akaomba vipande vya barafu vya kunyonya.

Kwa hiyo wagonjwa hamsini na wanane, wenye sonona wawili tu. Asilimia tisini na saba wana raha zao! Watu wasio na figo, wanaopimiwa hata maji ya kunywa, waliokatazwa viazi na nyanya na soda, wana raha kuliko mimi niliye na figo zote mbili. Makao makuu yalifurahi yakaleta keki ya rangi ya bluu iliyoandikwa 97 kwa sukari. Wafanyakazi wakaila pale pale ukumbini, mbele ya watu ambao hawakuruhusiwa hata kuilamba. Hiyo keki siizidishii chumvi. Setta alikula kipande, na mpaka leo ukimtajia anakunja uso.

Wiki tatu baada ya keki, Mzee Stan Piotrowski hakuja kwenye mashine. Siku ya kwanza wakasema theluji. Siku ya pili wakaandika kwenye faili kwamba ni mkaidi. Siku ya tatu Setta akaendesha gari mpaka kwake, akamkuta amekaa jikoni, miguu imevimba kama mikate, kofia ya kuwindia kichwani. Haya naruhusiwa kuyasema, maana mzee mwenyewe ameyatangaza kanisani kwao, Ijumaa ya kula samaki wakati wa Kwaresima, kipaza sauti mkononi.

"Nilikuuliza," Setta akamwambia. "Nilikuuliza mimi mwenyewe ukasema la."

"Uliniuliza mbele ya Earlene Tubbs wa kiti cha jirani, binti. Earlene akijua, kwaya nzima ya Wabaptisti inajua. Mimi ni Mkatoliki, nitauweka wapi uso wangu?"

Siku hiyo Setta alimpeleka hospitali. Kabla ya kuondoka alimwuliza jambo ambalo mtu wa Michigan lazima aulizwe: bunduki ya kuwindia kulungu iko wapi? Mzee akanyoosha kidole kwenye kabati. Wakampigia shemeji yake akaja kuichukua ikakae kwake. Kazi ya kitaalamu ndiyo hiyo, nyie mnaodhani ustawi wa jamii ni kugawa blanketi.

Aliporudi kliniki alisimama katikati ya ukumbi akitafuta mahali penye mlango. Ofisi yake ilishajazwa masanduku ya mipira ya mashine tangu mwaka juzi. Akatazama huku na huku, akauona mlango mmoja: chumba cha mizani. Kila mgonjwa hupimwa uzito kabla ya kukaa, na chumba kile kilijengewa mlango kwa sababu wagonjwa walilalamika kwamba hawataki kilo zao zisikike. Basi fikirini. Kilo za mtu zilikuwa siri yenye mlango na komeo. Kutamani kufa kulitangazwa ukumbini pamoja na bei ya friji!

Huo ndio ukawa mradi wake wa udaktari. Kila mgonjwa akiingia kupimwa, Setta anafunga mlango, anakaa kwenye kigoda kifupi ili asimtazame mtu kwa juu, anauliza yale yale maswali tisa, hakubadilisha hata nukta. Akipatikana mwenye sonona, anazungumza naye dakika ishirini kila wiki, wiki nane, kwa njia aliyofundishwa chuoni, kisha anamwuliza upya. Meneja wa kliniki, Brent Vandersloot, aliisaini barua ya ruhusa akiwa amesimama, bila kuisoma. Nadhani alikuwa anaiwaza keki nyingine.

Mwezi wa kumi Setta akawauliza wote hamsini na wanane mlango ukiwa umefungwa. Wenye sonona walikuwa ishirini na watatu.

Ishirini na watatu! Bi Earlene Tubbs mwenyewe, miaka sabini na mmoja, aliyepika chakula cha shule nusu ya maisha yake, ambaye sauti yake kwenye kwaya inatikisa vioo, alikaa juu ya mizani akalia mpaka namba za uzito zikawa zinacheza. Tena kumbe siku zote alikuwa anaficha kwa sababu Mzee Piotrowski alikuwa anasikia. Hawa wawili walikaa vitini miaka minne, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwa adabu.

Baada ya wiki nane, wale ishirini na watatu wakawa wamebaki kumi na wanne, na mazungumzo na wote yakaendelea. Tisa wamenyanyuka. Mahali pengine mtu angefanyiwa sherehe.

Januari ripoti ikapanda makao makuu, na Vandersloot akamwita Setta, uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Setta, umewafanya nini wagonjwa wangu?"

"Nimewauliza."

"Walikuwa wawili! Wawili! Sasa unaniletea ishirini na watatu? Umewaambukiza?"

"Walikuwa ishirini na watatu hata wakati ule, Brent. Ila walikuwa wanakuficha."

"Makao makuu wananiuliza kliniki yangu ina nini. Tumekuwa wa mwisho jimbo zima. Wa mwisho!"

"Geuza ukurasa. Tisa wamepata nafuu."

"Sigeuzi ukurasa wowote. Maswali yanarudi vitini, leo."

Na hakugeuza. Hilo ndilo linalonipandisha damu mpaka leo: namba nzuri ilikuwa nyuma ya karatasi ile ile aliyokuwa ameishika! Badala yake akaandika barua mpya. Ruhusa imeondolewa, namba zote ni mali ya kliniki, hazitoki nje ya jengo. Chuoni jopo lilikuwa limepangiwa mwezi wa nne. Bila namba, Setta hakuwa na cha kutetea.

Akampigia mwalimu wake, Profesa Nyquist, mtu mwenye sauti ya kupozea uji.

"Bila namba huna mradi," profesa akasema. "Na hata ungekuwa nazo, mtu anayesoma haraka ataona kwamba baada ya wewe kuingia, ugonjwa umeongezeka mara kumi na moja. Chagua mada nyingine. Ni mwaka mmoja na nusu tu."

"Profesa, nikiwasha taa jikoni nikaona mende, taa ndiyo iliyowazaa?"

"Nakuelewa. Lakini jopo linataka karatasi."

Mwaka mmoja na nusu tu! Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuja kwangu moja kwa moja, akakaa na koti lake, chai ikapoa mbele yake. Nikamwambia niende kumtia adabu Vandersloot. Akaniambia nina miaka sabini na sita na siwezi kufunga viatu vyangu mwenyewe. Ni uongo, kiatu cha kulia nafunga. Lakini sikumwona akilia. Alikuwa na hasira ya kimya, ile ya kukunja kitambaa cha meza mara nne, kukikunjua, kukikunja tena.

"Mjomba, wiki ijayo itabidi niwaambie mazungumzo yamekwisha. Mtu amenieleza mambo ambayo hakuyaeleza kwa padri, halafu nimwambie sasa utanijibu tena mbele ya friji."

Akawaambia, mmoja mmoja, kwa sababu hakutaka wasikie kwa mwingine. Bi Earlene alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo maprofesa wote hawakuwa wameliuliza.

"Ile karatasi yangu, yenye majibu yangu, ni ya nani?"

"Ya kliniki."

"Yangu mimi, Setta. Majibu niliyotoa kwa kinywa changu."

Setta sheria anaijua: mgonjwa yeyote ana haki ya kupewa nakala ya kila kilichoandikwa juu yake, na hakuna wa kumwuliza anaipeleka wapi.

"Siwezi kukuomba, Bi Earlene. Wewe ni mgonjwa wangu. Ukiitoa kwa ajili yangu ni makosa."

"Mwone huyu! Nani amekuambia ni kwa ajili yako?"

Hata hivyo Setta hakukubali kupokea hata kipande cha karatasi mpaka ameiandikia kamati ya maadili ya chuo. Walikaa na barua yake siku kumi na tisa. Wakajibu: wagonjwa wakija wenyewe, na karatasi zao wenyewe, na sahihi zao, bila kuombwa nawe, zipokee. Akayabandika majibu hayo pale wagonjwa wanapotundika makoti, akaenda zake bila kumwomba mtu.

Jumatatu iliyofuata mimi ndiye niliyempeleka Bi Earlene kliniki kwa gari langu. Msiniulize kwa nini mimi. Alikuwa amevaa kofia ya Pasaka, na Pasaka ilikuwa bado. Akaenda dirishani kwa karani, binti mmoja mpole aitwaye Tawnya, watu kama kumi na watano wamekaa wakisubiri zamu, na akasema kwa ile sauti ya kwaya:

"Nataka nakala ya karatasi zangu za maswali tisa. Zile zinazosema nina sonona."

Tawnya akainama karibu na kioo. "Bi Earlene, polepole jamani. Watu wanasikia."

"Miaka minne mmeniuliza watu wakisikia! Leo ndiyo mmeona masikio yao?"

Nyuma nikasikia kiti kinasukumwa. Mzee Piotrowski amesimama, ameshika fimbo, kofia ya kuwindia kaivua.

"Na zangu," akasema. "Ya kwanza ni ile yenye tiki kwenye namba tisa. Ya pili haina tiki. Nipe zote mbili, zisitengane."

Bi Earlene akageuka akamtazama. "Stan Piotrowski. Kumbe na wewe?"

"Na mimi."

"Miaka yote hiyo nakuazima gazeti!"

Akasogea akampa nafasi dirishani. Basi, ikawa foleni. Mama mmoja akasema na yeye, kijana mwenye mkono wa bandeji akasema na yeye, wengine hata sonona hawakuwa nayo, walitaka tu karatasi inayosema hawana. Vandersloot akatoka ofisini kwake, akatazama foleni, akatazama karatasi ya haki za wagonjwa ukutani ambayo kampuni yake mwenyewe ndiyo iliyoitundika, akarudi ndani akafunga mlango. Yeye mlango wa kufunga alikuwa nao siku zote! Kufikia Ijumaa watu thelathini na wanne walikuwa wameshika nakala zao, na kati yao wale wenye sonona walikuwa wote, ishirini na watatu kamili.

Na maswali yaliporudi vitini, hakuna aliyejibu. Muuguzi anainama, "Umepoteza hamu ya mambo?" Jibu ni moja tu, kiti hadi kiti: "Chumba cha mizani." Ripoti haiwezi kupanda makao makuu ikiwa tupu. Mwezi wa tatu Vandersloot akaandika barua ya mistari miwili kwamba maswali yanaweza kuulizwa "mahali panapofaa". Neno samahani hamlioni humo, hata mkiigeuza juu chini. Namba za kliniki, alisema, bado ni zake.

Mwezi wa nne Setta akasimama mbele ya jopo na karatasi za watu thelathini na wanne. Profesa Nyquist akavua miwani.

"Bi Boykin, nikuulize waziwazi. Kufunga mlango, huo ndio ujuzi wa ngazi ya udaktari?"

Setta akasema, "Profesa, mimi nina shahada mbili na leseni ya serikali, na kwa miaka kumi niliuliza watu kama wanataka kufa huku runinga inapiga kelele. Nikaandika la, nikala keki. Wenzangu wote wenye leseni walifanya hivyo hivyo. Kama ni jambo dogo, niambie kwa nini hakuna kati yetu aliyelifanya mpaka mzee mmoja alipoacha kuja."

Profesa akavaa miwani yake, akaandika kitu, akauliza habari za wiki nane na zile dakika ishirini, na maswali yakawa ya kazi, saa moja na nusu. Wakamtoa nje. Wakamwita ndani. Amepita, arekebishe majedwali mawili na makosa ya alama za mkato.

Sasa siku ya kuvishwa joho ndiyo mngetakiwa mje muione. Ukumbi wa watu elfu kumi na mbili, hakuna pa kuweka mguu, rais wa chuo kashuka jukwaani akapiga goti moja mbele ya mpwa wangu, Vandersloot kule nyuma analia kama mtoto aliyenyang'anywa keki, na mimi nilipoitwa mbele nitoe hotuba nilianza kwa kuwaambia wote kwamba...

"Mjomba Lucius." Setta yuko nyuma ya kiti changu, sijui tangu saa ngapi, anasoma juu ya bega langu. "Viti vilikuwa mia nne. Hakuna aliyepiga goti, Brent hakuja, na wewe ulikoroma mpaka mtu wa mbele akageuka. Futa. Andika kwamba kampuni hiyo hiyo ina kliniki nyingine tisa, na leo asubuhi, kote tisa, wamewauliza watu vitini, runinga ikiwa imewashwa."